Baba Mkwe Niliyemwita Mtu Baki

SEHEMU YA SABA

Kwanza, barua zenu nimezipata. Kuna mama mmoja ameniandikia kwamba mimi ni shetani mwenye kalamu, na kwamba ningekuwa mkwe wake angenirudisha kwetu na mabegi yangu kichwani. Mama, ahsante. Soma ya leo kwanza, halafu uniandikie tena, maana utakuwa na mengi zaidi.

Kwa mliochelewa kuingia kwenye mkasa huu, mimi ni afisa wa mikataba katika chuo kikuu cha umma. Kazi yangu ni washauri wa nje, yaani wataalamu ambao chuo hakiwaajiri, kinawakodi tu kwa kazi maalumu, wakimaliza wanalipwa na kwenda zao. Hakuna mshauri anayelipwa faili lake lisipopita mezani kwangu. Ndiyo maana wananiita Madamu Muhuri.

Baba mkwe wangu ni fundi wa mashine za maabara. Alistaafu pale pale chuoni, mashine zikakosa mtu wa kuzielewa, nami nikamrudisha kwa mlango wa mshauri wa nje. Pale kazini wanamwita Mzee Koleo, kwa sababu koleo halitoki kwenye mfuko wa shati lake.

Sasa, kwenye fomu ya mshauri kuna swali la tisa: je, una undugu na mfanyakazi yeyote wa chuo? Mzee wa watu alikuwa ameshainua kalamu aandike ndiyo. Nikamnyang'anya, nikaandika hapana.

“Baba, ukiandika ndiyo, kazi huna.”

Akacheka. “Haya. Basi kuanzia leo mimi ni mtu baki.”

Miaka minne! Tukikutana koridoni namwamkia, “Shikamoo, mzee,” ananijibu, “Marahaba, Afisa,” kila mtu anakwenda zake. Jumapili mtu huyo huyo anakaa mezani kwangu, wanangu wamemkwea mgongoni. Mume wangu alijua babake anafanya kazi chuoni. Hakujua kwamba fomu niliijaza mimi, wala kwamba kule ofisini hatujuani.

Na kuna jambo jingine mlilolijua wiki iliyopita. Mshauri wa nje hatakiwi kupita miezi mitatu mfululizo, akipitiliza ataonekana mwajiriwa na atadai haki za mwajiriwa. Kwa hiyo kila miezi mitatu tunamtoa kwa wiki mbili, halafu tunamrudisha kama mtu mgeni kabisa. Ofisini tunaziita wiki hizo likizo ya karatasi. Karatasi inapumzika, mtu anafanya kazi.

Jumatatu ile mzee alikuwa kwenye likizo ya karatasi. Kulikuwa na mtihani wa vitendo, na mtungi wa mvuke, ule wa kuulia vijidudu kwenye vifaa, ukagoma. Mkuu wa maabara akanikamata kwenye ngazi. “Madamu, bila Mzee Koleo hapa hakuna mtihani.”

Nikapiga simu. Mimi. Kwa kidole changu mwenyewe. “Baba, nenda tu. Mkataba nitausogeza tarehe.”

Mfuniko ukafyatuka. Mvuke ukamchoma mikono yote miwili. Hapo ndipo niliwaacha.

*

Jumanne asubuhi wakili wa chuo akasimama mbele ya meza yangu. Ni mtu mchangamfu, anaongea huku anabofya kalamu, tik, tik, tik, mpaka unatamani kumpokonya.

“Madamu, twende hospitali. Huyu mzee si mtu wako?”

“Mtu wangu kivipi?”

“Si wewe mwenye faili lake?”

“Aa. Ndiyo. Faili ninalo.”

Njia nzima nililikumbatia faili lile kama mtoto mchanga. Ndani yake kulikuwa na fomu, na kwenye fomu kulikuwa na swali la tisa, na jibu lilikuwa kwa mwandiko wangu.

Tulipoingia wodini muuguzi alituzuia mlangoni. Mwanamke mnene, mikono kiunoni.

“Kabla hamjasogea. Nani hapa ni ndugu wa mgonjwa? Nataka mtu wa kumnywesha. Mikono hana, na chai yake inapoa.”

Wakili akaniangalia. Alikuwa ananiangalia tu kama mtu anavyomwangalia mwenzake, hana alijualo. Lakini mimi nikalibana faili kifuani.

“Sisi ni wa ofisini,” nikasema. “Ndugu zake watakuja.”

Muuguzi akasonya. Akavuta kiti, akachukua kikombe, akamwinua mzee shingo na kumnywesha yeye mwenyewe, funda kwa funda. Mimi nimesimama pembeni na faili langu. Mzee huyu ndiye aliyelala sakafuni siku tatu nilipojifungua mwanangu wa kwanza, akimlinda mume wangu asizimie. Na chai ya dakika tano ikanishinda kumnywesha. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, lakini ardhi nayo ina kazi zake.

Baba mkwe akamaliza funda la mwisho, akafumbua macho. Mikono ilikuwa imefungwa bandeji mpaka kwenye viwiko, mizito, imelazwa juu ya mito miwili. Akatuangalia sote. Akanifikia mimi.

“Afisa,” akasema. “Ahsante kwa kuja. Chuo kina watu.”

Hakukosea hata neno moja. Na maumivu yote aliyokuwa nayo, bado alikumbuka kwamba hanijui.

Daktari alikuja kutueleza. Mkono wa kushoto utapona wenyewe. Wa kulia unahitaji kupandikizwa ngozi hospitali kubwa, na si baadaye, ni wiki hii hii, la sivyo vidole vitashikana na hatashika tena kitu. Hospitali kubwa ilikuwa tayari kumpokea Jumamosi. Ilitaka barua tu ya mwajiri kwamba atabeba gharama, nayo iwe imefika Ijumaa mchana.

Nje, koridoni, nikamuuliza wakili, sauti nimeishusha kama naulizia saa. “Hiyo barua tutaandika lini?”

“Barua gani, Madamu? Jumatatu hakuwa na mkataba. Kisheria yule ni mtu aliyeingia kwenye uwanja wa watu akachokoa mashine ya watu.” Kalamu tik, tik. “Ila kama kuna mtu wa chuo alimwita, hapo sawa. Hapo chuo kinambeba mzima mzima, hakina pa kukimbilia.”

“Na huyo mtu aliyemwita?”

“Huyo?” Akacheka. “Huyo tunamzika.”

*

Jumatano asubuhi mume wangu alikuwa anapiga pasi shati lake. Ni mwalimu, na ni mnyoofu kuliko hata mikunjo ya suruali zake. Akirudishiwa chenji zaidi dukani anarudi mbio juani kuirudisha.

“Chuo wamesemaje? Si wataandika hiyo barua?”

“Wanashughulikia.”

“Maana wewe upo ndani. Si unaweza kuwasukuma kidogo?”

“Kila kitu na utaratibu wake, baba watoto.”

Akageuza shati upande wa pili. “Kuna kitu sikielewi. Mkataba wake ulikuwa umeisha. Mzee anajua, aliniambia mwenyewe anapumzika wiki mbili. Alikwenda kufanya nini kule? Nani alimwita?”

Nilikuwa nafunga vifungo vya mtoto. Nikafunga kimoja kwenye tundu la mwenzake.

“Sijui,” nikasema.

Jamani, neno hilo nilishalisema mara ngapi maishani bila madhara? Safari hii nililihisi likishuka kooni kama kipande cha dawa kilichokosa maji. Mume wangu akaning'iniza shati lake mlangoni, akanigusa bega, akasema, “Usijali, mke wangu. Tutamjua tu.” Alidhani nina huzuni.

Hapo ndipo nikapiga moyo konde. Mficha uchi hazai. Nilifika ofisini, nikafunga mlango, nikaandika maungamo kurasa tatu: swali la tisa, simu ya Jumatatu, yote. Nikaikunja barua nikaitia mkobani. Kamati ya uchunguzi ilikuwa inakaa Alhamisi. Ningesimama mbele yao, ningesema, wangenizika, na mkono wa mzee ungepona. Nikaona uzito umenitoka kifuani hata kabla sijasema. Kumbe aliyekusudia na aliyetenda ni watu wawili.

Mchana nikaenda hospitali peke yangu nimpe habari. Bahati nzuri yule muuguzi hakuwepo.

“Baba,” nikasema, nimepiga magoti kando ya kitanda. “Kesho nasema kila kitu.”

Akasema, “Mwanangu, nisamehe sana. Kabla ya hayo. Sikio linaniwasha tangu asubuhi, na siwezi kumwita muuguzi kwa jambo la sikio.”

Mkwe na mkwe ni heshima. Miaka kumi na moja sijawahi kumgusa hata ncha ya kofia. Nikachukua kona ya kitambaa changu, nikamkuna sikio, yeye ameangalia ukutani kwa haya, mimi nimeangalia chini.

“Hapo hapo. Ahsante. Sasa sikia. Umechelewa. Nimeshamaliza.”

“Umemaliza nini, baba?”

Akanionyesha kwa kidevu, kule miguuni. Nikainua shuka. Kidole gumba cha mguu wa kushoto kilikuwa na wino wa buluu, mpaka kwenye ukucha.

“Wakili alikuja asubuhi. Mikono sina, nikampa dole la mguu. Amesema hata hilo linakubalika.”

“Baba, umeweka dole kwenye nini?”

“Kwamba nilikwenda mwenyewe. Sikuitwa na mtu. Na kwamba fomu zote nilijaza mwenyewe, na pale chuoni sina ndugu.”

Machozi yalinitoka, na niseme ukweli, kwa sababu nimewaahidi ukweli: ndani ya yale machozi kulikuwa na furaha. Ndogo, kama punje, lakini ilikuwemo. Niliiona na nikaionea haya, na bado haikuondoka.

“Na mkono?” nikauliza.

“Mkono umefanya kazi miaka arobaini. Wewe una watoto wawili na kazi ya serikali. Tukizama wote, nani atamvuta mwenzake?” Akajaribu kucheka. “Halafu mimi fundi. Nikikosa mkono nitabaki na mdomo. Mafundi wengi wanaishi kwa mdomo tu.”

“Baba, siwezi.”

“Utaweza. Na mume wako asijue. Yule ana moyo wa kioo.”

Niliondoka pale nikijiambia nitampinga. Nitaitoa barua yangu hivyo hivyo. Dole la mguu si Kurani wala Biblia, linaweza kutenguliwa.

*

Alhamisi, saa nne, kamati. Meza ndefu, viti kumi na viwili, watu wawili. Mwenyekiti, profesa mwenye sauti ya upole ambayo huwatisha watu kuliko kelele, na wakili na kalamu yake. Nilikaa mkoba mapajani, mkono ndani ya mkoba, vidole vimeishika barua.

“Karibu, Madamu Muhuri,” akasema profesa. “Hatutakuchosha. Leo tuna siku mbaya. Nadhani umesikia la kitivo cha jirani.”

“Sijasikia, Profesa.”

“Afisa mwenzako. Alimpa kazi ya ushauri wa nje dada yake, tumbo moja. Kwenye fomu ameandika hakuna undugu. Tumemkabidhi polisi saa mbili asubuhi hii. Ana mtoto ananyonya, masikini. Lakini tutafanyaje?”

Vidole vyangu viliiachia barua. Havikuniomba ruhusa.

“Kwa hiyo faili la huyu mzee,” akaendelea, “tunataka tulifunge likiwa safi. Mkuu wa maabara amesema yeye alilalamika tu mashine imegoma, hakusema aitwe mtu. Mzee mwenyewe ameeleza alikwenda kwa hiari yake. Umeona maelezo yake?”

Wakili akanisogezea. Nikaona wayo wa dole pale chini, mkubwa, umekaa upande. Juu yake mistari sita.

“Wewe ndiye afisa wa faili. Ulimwita?”

Wasomaji wangu, ninyi ambao mmenivumilia wiki saba. Nilikuwa na kurasa tatu mkobani. Nilikuwa nimeshazikariri.

“Hapana,” nikasema.

“Unamfahamu nje ya kazi?”

“Hapana. Kikazi tu.”

“Basi saini hapo kama shahidi kwamba maelezo haya unayaamini.”

Nikasaini. Saini yangu nzuri, wote wanaisifu, ina mkia. Nikajiambia ni wasia wa mzee, siwezi kumvunjia mzee neno lake. Unaona ujanja wa mwoga? Hata woga wake anauvalisha heshima.

“Ahsante,” akasema profesa. “Usiondoke. Imebaki hatua moja. Wakili, mwite ndugu wa mgonjwa.”

“Ndugu yupi?” nikauliza.

“Mwanawe. Tumepata namba yake hospitali. Akisaini kwamba familia imeelewa na haina dai, faili limefungwa.”

Mlango ukafunguliwa. Mume wangu akaingia na shati lile lile alilopiga pasi, mkononi ameshika bahasha ya hospitali. Amechana nywele. Alikuwa na uso wa mtu aliyekuja kuomba jambo jema mahali anapoamini atalipata.

Akaniona. Uso ukaanza kufunguka kwa furaha, nikaona mdomo ukijiandaa kusema mke wangu.

“Karibu, Mwalimu, karibu ukae,” akawahi profesa. “Pole sana na mzazi. Huyu ni afisa wetu wa mikataba. Hamuwezi kuwa mnafahamiana. Hata babako mwenyewe alikuwa anamfahamu kikazi tu, ametuthibitishia sasa hivi.”

Wakili aliacha kubofya kalamu.

Mume wangu akaiangalia karatasi mezani. Akaangalia chini yake, penye dole, na kando ya dole, penye saini yenye mkia. Saini ile anaijua. Iko kwenye cheti chetu cha ndoa. Iko kwenye ripoti za watoto kila muhula. Nikaona kila kitu kinapanda usoni kwake kimoja kimoja, kama mtu anayejumlisha hesabu na hapendi jibu.

Nikangoja anitaje. Wallahi nilitaka anitaje. Ningemshukuru.

Akavuta kiti, akakaa, akanigeukia.

“Habari yako, dada,” akasema.

“Nzuri,” nikajibu.

Wakili akamsogezea karatasi na kalamu. “Soma, Mwalimu, halafu weka saini yako hapa.”

Mume wangu hakuigusa. Akakunja mikono kifuani.

“Miwani nimeisahau nyumbani,” akasema. “Namwomba huyu dada anisomee. Yote, tangu juu mpaka chini, na jina la shahidi.”

Mume wangu hajawahi kuvaa miwani maishani mwake.

“Madamu, msaidie tu,” akasema profesa kwa upole wake.

Nikaichukua. Nikaikandamiza juu ya meza. Nikasoma jina la mzee, kamili, la baba na la babu. Nikasoma tarehe. Nikasoma mstari wa kwanza, na wa pili. Mstari wa tatu unasema, nilikwenda maabara kwa hiari yangu, na hakuna mtu yeyote aliyeniita.

Nikafika kwenye hakuna mtu, sauti ikakatika.

“Endelea, dada,” akasema mume wangu. “Nakusikiliza.”